Insha ya kuomba chuo cha nje: umhoji mwanafunzi, umpe mfano, au umwachie programu?

Fomu ya Common App, ambayo mwanafunzi huitumia kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, hufunguliwa upya kila Agosti 1, na kuanzia siku hizo walimu, pamoja na kaka na dada waliotangulia kusoma Marekani, huanza kupokea ujumbe unaofanana: "Shikamoo mwalimu, naomba unipitie insha yangu, muda umebana." Unafungua faili. Maneno 650, sarufi safi, methali mwanzoni, ndoto ya kuibadilisha Afrika mwishoni. Ukifuta jina lililo juu ya ukurasa, insha hiyo ingeweza kuwa ya yeyote kati ya mamia ya watoto waliofaulu mwaka huo.

Uzito wa insha hiyo si mdogo. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humdahili mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama familia yake inaweza kulipa, na aliyepata nafasi hupewa msaada unaolingana na hali ya kwao. Kwa mtoto wa mama lishe au wa fundi cherehani, huo ni mlango ambao hautegemei mfuko wa mzazi. Ila kila anayegonga mlango huo ana alama nzuri. Division One au A tupu inamfikisha mezani, halafu ofisa udahili anataka kujua huyu ni nani. Fomu nzima ina sehemu chache ambamo mwanafunzi anasikika mwenyewe, na insha ndiyo kubwa kuliko zote.

Msaidizi ana njia tatu za kawaida za kumwanzisha mwanafunzi: ampe insha za mfano, amwachie programu ya akili mnemba, au akae naye amhoji kwa mdomo kisha amwache aandike. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wanafunzi wengi wa kwetu, kuhojiwa ndiko kunakofanya kazi, tena kwa lugha wanayoiwaza. Lakini kuna ambao hakuwafai, na njia nyingine mbili nazo zina mahali pake, mradi zisipewe kazi isiyo yao.

Sauti inapotea hata kabla ya kuanza

Mtoto wa Kenya alifundishwa insha kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023. Insha ilisahihishwa kwa alama 40, na kila mtahiniwa alijua kwamba tamathali na methali zinaongeza alama. Basi akakariri: macheo, ndege wakiimba, jua la utosi, furaha isiyo na kifani. Wa Tanzania amekulia kwenye insha za General Studies na Historia: utangulizi, hoja aya kwa aya, hitimisho. Zote mbili ni stadi za kweli na zimemfikisha mahali. Ofisa udahili, kwa upande wake, anatafuta kitu ambacho mitihani hiyo haikukiomba hata siku moja, yaani namna mtoto huyu anavyofikiri akiwa peke yake.

Kuna na malezi. Mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu mbele ya wakubwa. Ukimuuliza amefanya nini, atakuambia "shule yetu ilishinda" au "tulisaidiwa na walimu". Ameongoza klabu ya sayansi mwaka mzima, lakini katika insha nzima neno "mimi" halionekani. Na akiambiwa ajieleze, anaruka upande wa pili na kujipamba kwa maneno makubwa ambayo hayatumii popote pengine: kiongozi mwenye maono, mleta mabadiliko, mstahimilivu. Adabu na majivuno vinafika mahali pamoja, maana vyote viwili vinamficha.

Njia yoyote utakayochagua itakutana na mambo haya mawili. Ndiyo maana nazipima kwa swali moja: je, inamwonyesha mwanafunzi jinsi alivyo, au inampa pazia jingine?

Ili tofauti ionekane, nimchukue kijana mmoja nipite naye njia zote. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Nyumbani wana bomba, na mama yake anawauzia majirani maji kwa ndoo. Anataka kusoma uhandisi.

Njia ya kwanza: insha za mfano

Hii ndiyo rahisi kuipata. Mtandaoni kuna insha tele zilizowaingiza watu Yale na Stanford, na vyuo vingine, Johns Hopkins kwa mfano, huweka vyenyewe baadhi ya insha za waliodahiliwa. Mwanafunzi anasoma tatu, tano, kumi. Kisha anaandika.

Rasimu ya kijana wetu baada ya kusoma mifano ilikuwa na maana hii (insha yenyewe ni ya Kiingereza, hapa naileta kwa Kiswahili):

*"Nilipokuwa na umri wa miaka saba nilimshuhudia mama yangu akitembea kilomita nyingi kutafuta maji. Siku hiyo niliapa kuwa mhandisi ili hakuna mama mwingine atakayeteseka."*

Mama yake hajatembea hata kilomita moja kutafuta maji. Bomba liko mlangoni, na watu ndio wanaomfuata. Kijana huyu si mwongo. Alisoma mifano akaelewa kwamba insha nzuri ina kisa cha utotoni chenye uchungu na kiapo, akakitafuta, na alipokikosa akaazima.

Mwelekeo huu hauko kwetu tu. Mwaka 2007 UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, kilipitisha maombi 50,000 kwenye programu ya kutambua maandishi yaliyonakiliwa. Kilikuta waombaji 234 wakisimulia kisa kile kile: jinsi walivyounguza nguo zao za kulalia wakichezea vifaa vya kemia walipotimiza miaka minane. Kisa kilitoka kwenye mfano mmoja uliokuwa ukizunguka mtandaoni.

Hata hivyo mifano ina faida moja ambayo kumhoji mtu hakuileti kwa urahisi: inampa ruhusa. Mtoto anayeamini kwamba insha lazima iwe juu ya vita, njaa au tuzo ya taifa, akisoma insha iliyodahiliwa inayozungumzia kukunja nguo au kukosea mapishi, anashtuka kwamba jambo dogo linatosha. Kwa kazi hiyo mpe mifano miwili au mitatu isiyofanana kabisa, asome akiwa nawe, mjadili ni wapi mwandishi anaanza kusikika, kisha mifunge. Na asisome mfano unaohusu mada yake. Akisoma insha ya mtu mwingine kuhusu maji, ya kwake imekwisha kabla haijaanza.

Njia ya pili: programu

ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na msimu uliofuata Common App iliingiza katika kanuni zake za udanganyifu kazi ambayo maudhui yake ya msingi yametolewa na akili mnemba. Mwanafunzi anatia sahihi kwamba kazi ni yake, na maombi yanaweza kufutwa akibainika. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Duke kiliacha kuzipa insha alama ya namba. Bado kinazisoma ili kumfahamu mwombaji, lakini ufundi wa uandishi haukipi tena uhakika kwamba mwombaji ndiye aliyeandika, kwa sababu ya programu hizi na ya washauri wa kulipwa.

Hatari ya kufutiwa maombi ni kubwa, lakini hata tukiiweka pembeni, angalia kinachotoka. Kijana aliipa programu maelezo mafupi: nauza maji, nataka uhandisi, nisaidie insha. Akapata hii:

*"Katika kibanda kidogo cha maji nilijifunza kwamba kila tone hubeba hadithi. Sikuuza maji tu, niliuza matumaini. Ndoo baada ya ndoo, nilijengeka kuwa mstahimilivu, mwenye huruma na kiongozi."*

Inateleza vizuri mdomoni. Ukiirudia mara ya pili unaona haina hata jambo moja ambalo lilimtokea mtu. Hakuna saa, hakuna bei, hakuna mtu aliyesema neno. Programu haiwezi kuandika asichoambiwa, na mtoto hakuiambia kwa sababu hajui kama lile alilonalo lina thamani. Hapo ndipo penye tatizo hasa. Chombo kinachojibu haraka kinamwondoa kwenye kutafuta kabla hajatafuta.

Kanuni za vyuo kuhusu matumizi haya hutofautiana, kwa hiyo kila chuo kisomewe chake. Caltech, kwa mfano, inakubali mwombaji atumie programu kukagua tahajia na sarufi, au kupata maswali ya kumchangamsha mawazo. Inakataa kunakili matini moja kwa moja, kutegemea programu kupanga muhtasari au rasimu, na, jambo ambalo wazungumzaji wa Kiswahili walishike sana, kutafsiri insha iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Kuzungumza kwa Kiswahili ili upate la kuandika ni sawa. Kuandika insha nzima kwa Kiswahili na kuisukuma kwenye programu itoke Kiingereza si sawa. Mwanafunzi aandike Kiingereza chake mwenyewe, hata kama sentensi zake ni fupi. Sentensi fupi zilizo za mtu zina nguvu.

Kwa hiyo mahali pa programu ni padogo na ni mwishoni: kuonyesha kitenzi kilichokosewa wakati, pale chuo kinaporuhusu. Mtoto wa kijijini asiye na msaidizi yeyote anaweza pia kuiomba imuulize maswali, yeye akiyajibu kwa kalamu kwenye daftari, simu ikiwa imezimwa. Zaidi ya hapo ni kumpa mgeni aishi maisha yako kwa niaba yako.

Njia ya tatu: kumhoji

Hii inataka muda, subira na simu ya kurekodia. Mnakaa, ikiwezekana nje ya ofisi, na mnaongea Kiswahili, au Kisukuma, au Sheng, chochote kile ambacho mambo yenyewe yalitokea kwacho. Daftari lisiwe mezani, maana mtoto akiona unaandika anaanza kujibu mtihani.

Kijana wa maji alianza kwa kusema hana la kuandika. "Mimi nauza maji tu, mwalimu. Nafungua saa kumi na moja alfajiri, naandika ndoo, nakwenda shule."

"Unaandika kila ndoo? Kwa nini?"

"Mama alidhani nakula hela."

"Ulikuwa unakula?"

Akacheka. "Hapana. Ndiyo maana nikaanza kuandika."

"Ukaona nini?"

"Mita inasema uniti tatu. Uniti moja ni lita elfu moja, ndoo hamsini. Tatu ni mia na hamsini. Mimi nimeuza mia na thelathini. Sasa ndoo ishirini zimekwenda wapi?"

"Zilikwenda wapi?"

"Upepo, mwalimu. Maji yakirudi baada ya mgao, bomba linapumua kwanza. Mita inazunguka na maji hayajatoka. Nilikaa pale alfajiri nikaitazama."

Hapo alikuwa ameegemea mbele na mikono inaonyesha jinsi mshale wa mita ulivyokuwa ukizunguka. Dakika chache zilizopita alisema hana kitu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali mafupi na kutomkatiza. Baadaye alichukua rekodi, akajisikiliza, akaandika. Aya ya kwanza ya rasimu yake ilikuwa na maana hii:

*"Mama alidhani nakula hela za maji. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikaanza kuandika kila ndoo. Siku ya tatu daftari langu lilisema 130 na mita ikasema 150. Nilitaka sana kumwonyesha Mama kwamba mimi si mwizi, lakini kufikia Ijumaa nilikuwa nimesahau habari ya wizi. Nilitaka tu kujua ndoo 20 zimekwenda wapi."*

Weka aya hii pembeni ya zile mbili za juu. Hakujiita mdadisi wala mvumilivu, lakini msomaji ameshamjua kuwa ni mtu asiyeweza kulala na hesabu isiyofunga. Uhandisi haukutajwa, ila ofisa udahili wa chuo cha uhandisi ameshauona. Na kile kisa cha mama kumshuku, ambacho kijana alikionea aibu na asingekiandika kwa hiari, ndicho kilichoipa insha damu.

Maswali yanayofungua mtu ni yale ya matendo na vitu. Unafanya nini ukiwa hakuna anayekutuma? Mnagombania nini nyumbani? Ni kitu gani unakijua kuliko watu wengi wa rika lako? Lini ulibadilisha mawazo? Ulishika nini mkononi, nani alikuwepo, alisemaje? Maswali yanayomfunga ni yale yanayofanana na ya usaili wa kazi: sifa zako ni zipi, umejifunza nini, ndoto yako ni ipi. "Umejifunza nini" ndilo baya zaidi likija mapema, maana mtoto atatafuta funzo na kuacha jambo lenyewe njiani.

Njia hii nayo ina hatari zake. Anayehoji anaweza kupenda jambo fulani na kumsukuma mtoto huko bila kujua. Macho yako yaking'aa aliposema habari ya kifo cha baba, atakupa kifo cha baba, kwa sababu wewe ni mwalimu na anataka kukuridhisha. Pengine hakuwa tayari. Jeraha ambalo mtoto hajalizungumza na mtu wa karibu lisifunguliwe kwa ajili ya fomu. Mwambie waziwazi mwanzoni kwamba hakuna swali analolazimika kulijibu, na akinyamaza uhamie kwingine.

Kuna pia watoto wasioongea. Wapo ambao mbele ya mtu mzima wanajibu "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu" mpaka jua linazama. Kwao mhojaji bora ni mwenzao, dada mkubwa, au binamu waliyelala chumba kimoja. Ikishindikana kabisa, daftari: kila siku aandike dakika kumi bila kufuta, lugha yoyote, asimwonyeshe mtu. Baada ya wiki mbili asome na kupigia mstari sentensi ambazo asingependa mtu mwingine adai ni zake. Wengine hufunguka kwa kalamu tu, na hakuna ubaya.

Nani ashike kalamu nyekundu

Rasimu ikishapatikana ndipo sauti inapouawa mara ya pili, na muuaji kwa kawaida ana nia njema. Mwalimu wa lugha anaona "Mama alidhani nakula hela" na anaandika juu yake "mzazi wangu alikuwa na mashaka kuhusu uadilifu wangu katika masuala ya fedha". Ni sahihi, na imekufa. Mtoto anakubali kwa sababu mwalimu ndiye anayejua.

Ukilinganisha wahariri watatu wanaopatikana, mwalimu wa shule anamjua mtoto na hachukui pesa, lakini mkono wake umezoea kusahihisha mtihani. Mwombe aandike maswali pembeni, asibadilishe sentensi. "Hapa sikukuelewa" au "ikawaje?" inamrudisha mwandishi kazini. Sentensi mpya inamfukuza. Makosa ya sarufi ayazungushie duara tu, mwanafunzi ayarekebishe mwenyewe.

Mshauri wa kulipwa anazijua fomu, tarehe na aina za vyuo, na kwa mambo hayo anaweza kusaidia kweli. Kwa insha, jihadhari. Mtu anayeshughulikia wanafunzi wengi kwa msimu mmoja hujenga mtindo, na mtindo huo unakuwa wa wote. Anayeahidi nafasi ya chuo aepukwe kabisa, maana nafasi haiuzwi, na anayesema atakuandikia anakuuzia kosa ambalo sahihi yake ni ya mwanafunzi. Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta ushauri usiolipiwa. Mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hushauri kuhusu maombi yenyewe. Kenya ina KenSAP, iliyoanza 2004, ambayo huchagua wahitimu waliofaulu sana kutoka familia zisizo na uwezo na kuwaandaa kwa vyuo vya Amerika ya Kaskazini.

Rafiki wa darasa hana utaalamu wowote, lakini ana kipaji kimoja ambacho wale wawili hawana: anajua mwenzake anavyoongea. Huyu asipewe kazi ya kurekebisha. Apewe kazi ya kusema "hapa si wewe".

Hadithi ya shida, na hadithi nyingine

Hili linanigusa kuliko mengine yote. Watoto wetu wengi wanaamini kwamba msomaji wa Marekani anataka kusikia shida, na kadiri shida inavyokuwa kubwa ndivyo nafasi inavyokaribia. Wameona mabango ya misaada, wakajifunza kujieleza kwa macho ya mabango hayo. Anayekula milo mitatu anaona aibu kuiandika.

Kama shida ni kweli na imemfanya awe alivyo, aandike, lakini abaki kuwa mtu anayetenda ndani ya kisa chake. Linganisha: "Tulikosa karo, niliteseka sana, wahisani wakanisaidia" na "Muhula niliorudishwa nyumbani kwa karo, nilisoma Fizikia kwa daftari za Rehema, ambaye mwandiko wake wa 7 unafanana na 1." Ya pili inasema karo ilikosekana, na inatuachia mtu mwenye macho. Common App ina sehemu nyingine ya hiari ya kueleza hali ngumu zilizomkuta mwombaji. Taarifa za msiba, ugonjwa au shule kufungwa zinaweza kukaa hapo kwa maneno machache ya kawaida, na insha kuu ikabaki huru kuzungumzia mita ya maji, kwaya, bao la mtaani, au ugomvi wa dini na sayansi mezani kwa babu.

Na kama maisha yake yamekuwa ya kawaida tu, hiyo ndiyo mali yake. Asiombe radhi.

Marekani na Uingereza si fomu moja

Njia ya kumhoji inafaa kote, lakini utakachochota kinabadilika. Insha kuu ya Common App ni kati ya maneno 250 na 650, ina mada saba, na ya saba inakuruhusu kuandika chochote. Vyuo vya University of California havitumii fomu hiyo. Vina maswali manane, mwombaji anachagua manne, kila jibu lisizidi maneno 350. MIT nayo ina fomu yake yenye majibu mafupi kadhaa. Kote huko wanataka kumjua mtu kwa ujumla wake.

Uingereza inatafuta mwanafunzi wa somo fulani. Kwa wanaoanza chuo 2026 na kuendelea, UCAS imegawa maelezo binafsi katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kinachokufaa kwa kozi hiyo. Jumla ni herufi 4,000, na kila jibu lisipungue herufi 350. Kijana wetu akiomba huko, mama na tuhuma ya wizi watachukua sentensi moja. Nafasi kubwa iende kwenye upepo ndani ya bomba, alivyoupima, na jinsi mada ya mwendo wa vimiminika aliyoisoma kidato cha tano ilivyomsaidia kuelewa alichokiona. Akituma insha ile ile pande zote mbili, upande mmoja utaona hajajibu swali.

Uchague ipi

Angalia kalenda kwanza. Tanzania mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na wengi huitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya hapo. Wanaporudi, msimu umeshafunguliwa na maombi ya mapema ya vyuo vingi yanafungwa Novemba 1. Mahojiano yafanyike kabla hajaripoti kambini, rekodi ibaki nyumbani. Kenya, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inaisha Novemba na maombi ya kawaida hufungwa karibu na mwanzo wa Januari, kwa hiyo anayetaka kuandika kwa utulivu husubiri msimu unaofuata, na ana miezi ya kutosha ya daftari. Masharti ya viza kwa raia wa nchi yako nayo yaangaliwe mapema, maana yamekuwa yakibadilika.

Ukiwa na wiki tatu au zaidi, mhoji, mwache aandike, mhoji tena juu ya alichoandika. Mifano miwili mwanzoni kama ana hofu ya kuandika jambo dogo. Ukiwa na siku nne tu, acha mifano yote. Rekodi saa moja, achague kisa kimoja, aandike usiku huo, na wewe ulete maswali tu. Kama yuko mbali, jumbe za sauti za WhatsApp zinatosha, tena baadhi ya watoto huongea vizuri zaidi wasipoona uso wako. Kama Kiingereza chake ni kizito, usimkimbizie kwenye programu. Mwambie aandike anavyomwandikia rafiki, halafu mrekebishe vitenzi pamoja.

Na ukiwa na wanafunzi ishirini na muda wa mmoja, wafundishe kuhojiana wawili wawili kwa maswali yale yale. Baada ya rasimu ya pili, kusanya insha tatu tatu, futa majina, mpe kila mmoja achague ya mwenzake. Asipoitambua, wawili hao warudi kwenye rekodi na kuisikiliza tena tangu mwanzo.